Kilio Chenye Kilitangulia

Kolwezi, tarehe 18 mwezi wa sita 1993

Yaya yangu Bilonda,

Kama barua hii imekufikia, umushukuru Séraphin, fundi wa treni mwenye ameibeba mu mufuko wake wa kazi. Posta ya hapa imefungwa, na ku baraza yake sasa banauzia makala. Salamu kwako, kwa bwana yako Tshimanga, kwa batoto. Huku bwana yangu Kabamba anapumua. Kazi iko, lakini ni kazi ya kwenda kukaa na kurudi, sababu mashini zimesimama. Batoto banasoma leo, kesho hapana. Balimu yao bengi balikuwa bantu ba Kasai kama ninyi, balifukuzwa, balienda nanyi mu treni ile ile.

Nkambo wetu Valérie ni muzima. Najua njo neno unatafuta. Miguu yake imevimba vile uliiacha pale stasio, lakini bukari anakula, na rozari haimutoki mu mukono. Kila asubui ananiuliza, «Mado, dada yako amefika?» Najibu, «Nkambo, sijui.» Anasema, «Basi tumuombee kama mutu hajafika. Kama amefika, yale maombi yatabaki akiba.»

Usijilaumu. Ulitaka kumubeba, yeye mwenyewe alikataa kupanda. Amezaa mama yako na mama yangu. Nyumba yangu ni nyumba yake. Na mi, vile tata yangu alikuwa mutu wa Katanga, hakuna mwenye kunigusa. Yaya, jambo hili linanichokesha kuliko njaa. Mi kubaki juu ya tata mwenye hata sura yake siikumbuki muzuri, wewe kufukuzwa juu ya tata yako wa Kasai. Na tulinyonya mabele ya dada bawili.

Uandike, hata mustari moja.

Mudogo wako,
Mado


Mwene-Ditu, tarehe 2 mwezi wa tisa 1993

Mado mudogo yangu,

Amani ya Bwana ikae mu nyumba yako, kwa Kabamba na kwa batoto. Barua yako ya mwezi wa sita imefika juzi tu. Séraphin anasema treni yake ilikaa pale Tenke wiki na wiki, bila mashini ya kuivuta.

Tulifika sisi bote. Bitu habikufika. Tulilala kwanza pembeni ya reli na bale bengine, kisha Tata Muteba akatupa kona ya lupango, kiwanja cha nyumba yake. Njo yule ndugu mudogo wa Nkambo tulikuwa tunamusikia tu mu masimulizi. Sasa ni yeye mukubwa wa ukoo. Tshimanga hasemi mingi. Anakaa, anaangalia mikono yake. Batoto banajifunza Tshiluba na benzao banabacheka, banabaita Bakatanga. Huko tulikuwa Bakasai, huku tuko Bakatanga. Mungu pekee anajua namna ya kutuita.

Sasa unisikilize. Ule mustari wa kusema Nkambo ni muzima, uliuandika kwa kweli, ao uliuandika kwa kunituliza? Usikasirike. Umuombe neno moja, lolote, na uliandike vile atalisema, bila kulitengeneza. Nitajua kama ni lake. Sababu sikuambii. Siku hizi nafunga kitambaa ku kichwa, hata mu nyumba.

Na nyumba yetu pale Kapata? Nani anaingia mo?

Yaya wako,
Bilonda


Kolwezi, tarehe 15 mwezi wa kumi 1993

Yaya Bilonda,

Tunakusalimia bote. Mvua ya kwanza imenyesha. Joyeuse wangu alishikwa na malaria, amepona, anauliza kila siku kama batoto yako bangali banacheza kamba.

Barua yako nilimusomea Nkambo yote, sikujua kama kuna kitu cha kuficha. Nilipofika pa kitambaa, aliinua mukono.

«Rudia hapo.»

Nikarudia.

«Balinililia,» akasema.

«Nkambo! Usiseme vile.»

«Mado, uko mutoto na nywele nyeupe. Mwanamuke mwenye kufunga kichwa mpaka mu nyumba yake, amenyolewa. Amenyolewa juu ya nani? Bwana yuko, batoto bako. Ni juu yangu. Balifanya kilio changu!»

Na akacheka, yaya. Akacheka mpaka kikohozi kikamushika. Kisha akatulia, akanieleza. Unakumbuka kikwembe chake cha Bamama Bakatoliki, kile cha bulu chenye jina lake lilishonwa ku pindo, chenye alikuwa anakichunga mu sanduku kwa siku ya kuzikwa? Siku yenu ya kuondoka, pale stasio, kulikuwa mama muzee mumoja alikuwa anatetemeka na baridi. Nkambo alimufunika nacho. Mi sikuona, nilikuwa nabeba bitu byenu.

«Maskini, alikufa mu njia,» akasema. «Bantu balisoma kikwembe, habakuangalia sura.» Akafanya ishara ya musalaba. «Tumuombee. Balimuzika na jina langu, na pengine bantu bake bangali banamungojea.»

Neno lake njo hili, nimeliandika vile alilisema: «Bilonda, ku kilio changu hukupika muzuri. Nakujua, chumvi inakushindaka. Na uniandikie yote balisema juu yangu, mumoja mumoja. Mutu banamusifuka siku masikio yake yamezibwa. Mi Mungu ameniachia masikio.»

Mado


Mwene-Ditu, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1993

Mado,

Nawatakia Noeli yenye kitu ku meza. Huku kipindupindu kimepita mu kambi ya stasio. Sisi kilituacha, lakini kilichukua bajukuu bawili ba Tata Muteba, wakati moja.

Ni kweli. Tulimulilia. Mutu alitoka mu treni yenye ilifuata yetu, akasema: mama muzee wa Kolwezi amezikwa pa Lubudi, karibu na reli, ku kikwembe kulikuwa Valérie Mujinga. Nani angekataa? Tulikaa chini. Tulinyolewa. Padri alisoma misa. Kisha barua yako ikafika na kusema anakula bukari, na mi niko na kichwa kama yai. Niliona haya kukuandikia.

Na ya chumvi ni kweli vilevile.

Balisema hivi. Tata Muteba alisimama: «Dada yangu alipanda treni ya kwenda Katanga akiwa musichana, na bwana yake Henri mwenye alikuwa ameandikwa ku mugodi, na hakutoa hata chozi moja. Hakugombana na bwana yake. Hakukosa misa. Alizaa, alizika, hakunungunika.» Bamama bengine bakaongeza: alikuwa mupole kama maji mu mutungi. Mado, nilikuwa nasikiliza na uchovu wangu wote wa njia, na sikumutambua ule mutu balikuwa banamusema. Lakini nililia. Nililia nyumba, nililia treni, byote nililia kwa jina la Nkambo.

Hapa usimusomee. Nilipeleka barua yako kwa Tata Muteba. Nilifikiri atafurahi. Akasema: «Machozi yenye yamemwagika hatuyaokoti. Mutu mwenye amekwisha kuliliwa, amekwisha kuliliwa. Siku atakufa kweli, hakuna atafungua kinywa mu lupango hii. Kilio cha pili kinaita maiti ingine.» Nilipiga magoti. Alinionyesha makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba, akasema, «Unataka ya tatu?»

Ya nyumba yetu hukunijibu.

Bilonda


Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa pili 1994

Yaya Bilonda,

Pole sana juu ya bale bajukuu. Tulibasomea sala na shirika letu la kanisa, hata kama ku shirika siku hizi tunakaa bantu kidogo, kila mumoja anaangalia mulango. Kabamba anakohoa. Mi nalima mihogo nyuma ya lupango.

Nilimusomea Nkambo ile sifa. Alikaa wima ku kitanda, kama mutu mwenye bamemushitaki.

«Sikutoa chozi? Nililia kutoka nyumbani mpaka Kamina! Henri akaniambia, ukilia tena nakushusha. Nikamuambia, unishushe. Hakunishusha.

«Sikugombana na bwana? Nilimufungia mulango, mvua inanyesha, akalala ku jikoni ya inje. Alikunywa lutuku kisha akaimba nyimbo za Mama Maria. Kulewa, nilikuwa namusamehe. Kumuimbia Mama Maria na mudomo wa lutuku, hapana. Kesho yake nilimupikia samaki, na hatukusema neno hata moja mpaka siku ya Mungu, siku ya misa.

«Sikukosa misa? Mwaka kijana yetu alikufa chini ya mugodi, nilikuwa nafika ku mulango wa kanisa, nasimama inje. Padri anatoka, anasema, mama, ingia. Namujibu, na wewe Padri sina neno, niko na neno na Mwenyewe. Kila siku ya Mungu nilivaa, nilitembea, nilisimama inje kwenye jua. Kisha siku moja miguu ikaniuma, nikaingia kwa kukaa. Njo namna nilirudia. Bantu banapenda kusikia maono. Hakukuwa maono, kulikuwa miguu.

«Mupole kama maji! Batoto ya kambi nzima ya mugodi nilibafundisha katekismu na fimbo pembeni. Baluba, Balunda, Basanga, bote nilibachapa sawasawa, hakuna mwenye alionewa. Na huyo Muteba mwenye kunisifu, nilimubeba ku mugongo, na alinikojolea mpaka siku niliolewa!»

Tulicheka naye. Kisha nikaruka vile uliniomba. Yaya, nilijaribu.

«Umeruka,» akasema.

«Hapana, Nkambo.»

«Mado. Macho yangu ndiyo yamekufa. Pumzi yako naisikia.»

Nikasoma. Ile siku hakugusa bukari. Kesho yake, wakati wa kumuosha miguu, akaniambia: «Nilizika bantu bengi. Mu kambi hii, kifo kikiingia, mi njo nilikuwa naanza kulia, bengine banafuata. Hakuna hata mumoja alienda bila kuliliwa, hata mulevi, hata mwizi. Sasa mi nitaenda kimya, kama kuku lori limekanyaga?»

Nilimuambia, mi nitakulilia. Akanipapasa kichwa. «Wewe peke yako, mutoto wangu? Hiyo si kilio. Hiyo ni kukohoa.»

Njo tulipo. Kufa haogopi, anaogopa kimya. Majirani habaingii kwetu tangu mwaka jana. Banasema ni nyumba ya Kasai. Kwa hiyo rudi kwa Tata Muteba, yaya. Nakuomba. Umusomee maneno yake.

Mado


Mwene-Ditu, tarehe 27 mwezi wa ine 1994

Mado,

Salamu. Tshimanga amepata kazi ya kutengeneza baiskeli za bantu, ameanza kusema kidogo. Batoto bamekonda lakini bako.

Nilirudi. Nilimukuta Tata Muteba anaota jua. Nilimusomea yote kwa Tshiluba, neno kwa neno. Pa mugongo na kukojoa, alicheka, Mado, alicheka kama kijana, mpaka machozi yakashuka ku mashavu. Kisha alishituka. Aliyafuta mbio mbio na mukono, akaangalia huku na huku kama kuna mutu ameyaona, akatuma bamuletee maji anawe uso.

Hapo nilielewa kama si ubaya. Anaogopa. Siku hizi hata bajukuu benye babaki anabakataza kucheza karibu na kaburi.

Nilimuambia, «Tata, sisi ni bakristu.» Akajibu, «Ni mi mwenye nilikuitia Padri kwa kile kilio. Mungu alikubali ile misa. Nimuambie nini sasa, kama tulikosea mutu?» Akasema bado hapana.

Na kama unafikiri kumuleta huku, usimupandishe Nkambo mu treni. Séraphin anasema siku ya treni kufika hapa, hawezi kukuhakikishia. Umuambie sikukawia juu ya kusahau. Umuambie nimechoka kuomba, lakini naomba.

Na hii ni mara ya tatu, Mado: nani yuko mu nyumba yangu?

Bilonda


Kolwezi, tarehe 30 mwezi wa saba 1994

Yaya wangu,

Ukae kwanza. Kama Tshimanga yuko karibu, umuite.

Nkambo Valérie ametuacha mwezi huu, siku za baridi kali. Asubui alikunywa uji, akauliza kama barua imefika, nikasema bado. Nilitoka kuchota maji. Niliporudi, rozari ilikuwa imeanguka chini, na yeye hakuiokota.

Kabamba alitoka kwenda kutafuta mbao za sanduku. Mi nilifunga mulango. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa na haya, juu ya lupango ilikuwa tupu, hakuna mutu, na nilijua hakuna mwenye kuja. Nikaweka kikwembe ku mudomo, nikalia humo ndani.

Mulango ukagongwa.

«Mado, unalia kama mutu anaiba. Fungua.»

Ilikuwa Ernestine, unamujua, yule wa shirika letu, mutoto wa muzee Kyungu. Alikuwa na beseni ku kichwa.

«Umekuja kufanya nini?»

«Kumuogesha.»

«Wewe?»

«Mi. Alinichapa mpaka nikajua Baba Yetu. Ulitaka nani amuogeshe, Padri?»

Alimuogesha muzuri, yaya. Alimukunja mikono, alimusuka nywele, alikuwa anamusemesha kama mutu muzima: «Geuka kidogo, mama, nakuomba. Sasa hivi hunichapi tena.» Tulipomufunika shuka nyeupe, Ernestine alitoka inje, akasimama katikati ya lupango, akaweka mikono ku kichwa na akaita na sauti yake yote: «Mujinga yee! Mama wa kambi yee! Unatuachia nani?»

Mwanzo bamama balisimama ku barabara, banaangaliana. Mumoja akaingia. Kisha mwingine. Kisha lupango ikajaa mpaka balivunja uzio wangu wa miti. Balilia mpaka sauti zikakauka, na balilala chini inje na ile baridi, moto katikati. Kati yao nilibaona bale benye balisimama kupiga masufuria na kuwazomea siku mulikuwa munapita kwenda stasio. Nao balilia. Sikujua niangalie wapi. Tumemuzika karibu na Henri.

Sasa neno la nyumba. Kila mara nililiruka, na wewe uliona. Ernestine njo anaishi mo. Aliingia na batoto yake wiki ile ile mulienda. Meza yenu iko, kitanda chenu njo analalia. Nilikuwa nasema nitakuandikia barua ingine, nitakuandikia ingine. Sasa nimebaki na hii tu, na mutu mwenye alichukua nyumba yako njo mwenye aliita bantu kumulilia Nkambo wetu. Mi sijui kuvitenganisha. Akili yangu imefika mwisho.

Mado


Mwene-Ditu, tarehe 11 mwezi wa kumi 1994

Mado mudogo yangu,

Bwana akulipe juu ya yote ulimufanyia, wewe na Kabamba. Sina neno lingine la kukushukuru, na hata kama ningekuwa nalo, mukono umechoka.

Barua yako nilimusomea Tata Muteba. Aliniuliza neno moja: «Balilia kweli?» Nikasema balilia. «Na sauti?» Na sauti, Tata, mpaka zikakauka. Akatoa pumzi ndefu. «Basi, amepata kilio chake,» akasema, na akaomba maji ya kunywa. Tangu siku ile anaacha batoto bacheze kwenye banataka.

Mi sikulia. Huku bamenikataza, na pengine hata bila kukatazwa sikukuwa na kitu kilibaki. Nilikuwa na hasira, Mado. Ile siku nilipiga mutoto bure. Ernestine! Tulikuwa tunaazimana chumvi. Alijua kwenye nachunga ufunguo. Nikisali Baba Yetu, nafika pa «kama vile tunawasamehe», nasimama. Nangojea pale. Kisha naruka, namaliza. Mungu amenisikia nikiruka, nafikiri, kama Nkambo alivyokusikia.

Lakini kwetu mwenye kuogesha maiti haachwi na mikono ile. Mutoto mukubwa wa mufu anamupa sabuni mbele ya bantu, bila hiyo mikono yake inabaki na kifo, na bukari yenye anasongea batoto yake inakuwa ya kifo. Mama zetu habako. Mi njo mukubwa. Batoto ya Ernestine habakuchukua nyumba ya mutu, balipelekwa tu na mama yao.

Kwa hiyo nimemupa Séraphin mche wa sabuni. Uite bamama ba shirika, umupe Ernestine mbele yao, aiguse na mikono miwili. Akikuuliza nimesema nini, umuambie: Bilonda anashukuru juu ya kuogesha. Juu ya nyumba sijasema kitu. Asifikiri nimesema.

Sabuni nimeiweka mu kopo ya bati, juu ya panya ba mu treni. Sabuni ni yake. Kopo ni yangu, umupe Séraphin airudishe.

Yaya wako,
Bilonda